Nani Kasema Sote Tumeshakingwa?

Kuna kauli inayopita mdomo kwa mdomo bila mtu kuiomba kitambulisho. Daktari huisema akiwa na foleni mlangoni, mfamasia huisema huku akifunga droo, mzazi msomi huisema kwa kujiamini kabisa: chanjo ya homa ya ini A ni ya watalii. Sisi wa huku tumekunywa maji ya kila namna tangu utotoni, tumeokota maembe chini ya mti tukayafuta kwenye kaptula na kuyala, miili yetu imeshazoea. Wa kuchomwa sindano ni Mzungu anayeshuka Zanzibar na begi mgongoni. Mswahili wa nini?

Kauli hiyo si uongo mtupu, na nguvu yake inatokana na hapo. Ilikuwa kweli kwa babu zetu, ikawa kweli kwa wazazi wetu, na bado ni kweli kwa mamilioni ya watu vijijini na uswahilini. Kosa lake ni kututia wote kwenye kapu moja, kisha kufunga mjadala.

Niwape kwanza haki yao wanaoisema kauli hiyo. Kirusi cha homa ya ini A hutoka kwa aliyeambukizwa kupitia haja kubwa na kuingia kwa mwingine kupitia mdomo, kwa njia ya maji, chakula, vyombo na mikono. Ni kigumu kufa. Nje ya mwili kinaweza kuishi miezi, barafu haikiui, na kwa kuwa hakina utando wa mafuta kama ule wa kirusi cha Korona, vile vitakasa mikono tulivyovizoea wakati wa Uviko havikifanyi kitu cha maana. Kinachofaa ni sabuni na maji yanayotiririka, au moto: nyuzi joto 85 kwa dakika nzima. Kikimwingia mtoto wa miaka 3, mara nyingi hakuna anayejua. Watoto 7 kati ya 10 walio chini ya miaka 6 hawaoneshi dalili yoyote, na wengi wa waliobaki huonekana wana homa ya kawaida tu. Baada ya hapo kingamwili hubaki damuni maisha yote.

Shirika la Afya Duniani huhesabu eneo kuwa la maambukizi makubwa pale ambapo watoto 9 kati ya 10 wameshaambukizwa kabla ya kutimiza miaka 10, na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara imekaa kwenye kundi hilo kwa miongo mingi. Kwa hiyo mtu mzima aliyekulia Tandale, Kisauni au Ng'ambo, akipimwa damu leo, kuna uwezekano mkubwa akakutwa na kinga tayari. Kumchanja huyo ni kupoteza dawa. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ila tusijivunie sana. Kinga ile ilipatikana kwa kula vinyesi vya wenzetu, tuseme wazi, na kirusi hiki hakikusafiri peke yake. Kilikuja na kipindupindu, taifodi, polio na kuharisha kwa kila aina. Anayesema miili yetu imezoea anawahesabu waliobaki hai. Wale waliokwenda na kuharisha wakiwa na miezi tisa hawamo kwenye hesabu yake. Kwamba mtu alinusurika bomu akiwa mdogo si sera ya ulinzi.

Sasa mchukue mtoto wa geti kali. Amezaliwa Mbweni, au Kileleshwa kama ni Nairobi. Nyumbani anakunywa maji ya chupa au yale ya mashine ya kuchujia iliyo jikoni, basi la shule humchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni, na dada wa kazi ameagizwa kuosha matunda mara mbili. Wazazi wamefanya kila kitu sawasawa. Anafika miaka 14 hajawahi kukutana na kirusi hiki hata siku moja. Kisha anapelekwa bweni. Huko maji yanatoka kwenye tangi ambalo hakuna anayekumbuka lilioshwa lini, kikombe kimoja kinazunguka kwa watu sita, na Jumamosi vijana wanapenya uzio kwenda kununua mihogo ya kukaanga na kachumbari. Baba yake ana kinga. Yeye hana. Kinga hii haifuati ukoo; zile kingamwili ambazo mama humwachia mtoto tumboni huisha ndani ya mwaka wa kwanza hivi, na ndiyo sababu chanjo hutolewa kuanzia mtoto anapotimiza miezi 12.

Na mwili wa miaka 14, au 24, au 44, haukipokei kirusi kama wa miaka 3. Kwa watu wazima, zaidi ya 7 kati ya 10 wanaoambukizwa hupata manjano: macho yanabadilika, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinapauka, chakula kinanuka kabla hakijaletwa mezani, ngozi inawasha usiku kucha. Ni wiki kadhaa za kulala. Mmoja kati ya kumi hivi hudhani amepona, kisha ugonjwa unamrudia ndani ya miezi sita. Wengi hupona kabisa, maana kirusi hiki hakibaki mwilini na kuwa sugu kama cha aina B au C. Lakini wachache ini huzimika ghafla, na likizimika tiba inayobaki ni kupandikizwa ini jingine, huduma ambayo wengi wetu tunaifahamu kupitia harambee za kumpeleka mgonjwa India. Kwa wagonjwa waliopita miaka 50, karibu 2 kati ya 100 hufa.

Hapa ndipo wenzangu wa kauli ile wanapopotea njia, na nawaomba watulie hapa kidogo. Wao hudhani ugonjwa huu ni suala la uchafu tu: uchafu ukiwa mwingi wagonjwa ni wengi, ukipungua wanapungua. Sivyo unavyoenda. Pale uchafu ulipokithiri, kila mtu huambukizwa akiwa mdogo na karibu hakuna anayeugua. Pale usafi ulipokamilika, ni wachache wanaoambukizwa, kwa hiyo ni wachache wanaougua. Balaa liko katikati. Mji unapoanza kupata maji ya bomba, vyoo vya ndani, friji na maji ya chupa, umri wa kukutana na kirusi unasogea mbele, kutoka miaka 3 hadi 13, hadi 30. Maambukizi yanapungua, wagonjwa wanaongezeka. Maendeleo yenyewe, yakiwa nusunusu, ndiyo yanayozalisha manjano.

Shanghai ililipa ada ya somo hili. Mwanzoni mwa mwaka 1988, ndani ya miezi michache, takriban watu 300,000 waliugua homa ya ini A katika mji ule mmoja. Chanzo kilikuwa kombe, wale viumbe wa baharini wenye magamba mawili, waliovuliwa Qidong kwenye tope lililopokea majitaka. Wenyeji walikuwa wakiwapitisha kwenye maji ya moto kidogo tu, gamba likifunguka wanakula, na kombe mmoja huchuja maji mengi na kukusanya kila kilichomo. Lakini kombe walikuwa wakiliwa Shanghai tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni walaji: vijana na watu wazima waliokulia kwenye mji uliosafishwa kiasi, wasioambukizwa utotoni, na hivyo wasio na kinga. Wagonjwa wengi walikuwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, nguvu kazi yenyewe. Korea Kusini ikayaona hayohayo mwaka 2019, safari hii ni kombe wa kusindikwa kwa chumvi. Zaidi ya watu 17,000, wengi wao wa miaka ya thelathini na arobaini. Kule Kerala, jimbo la India lenye sifa ya afya bora kuliko majirani zake, mwaka 2024 wilaya ya Malappuram ilizika watu wazima kwa ugonjwa ambao bibi zao waliuita wa watoto.

Sasa niambie Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala ziko wapi kwenye ngazi hiyo ya usafi. Si vijiji vya mwaka 1960. Wala si Tokyo. Ziko palepale katikati.

Tazama kinachotokea masika yakishapamba moto. Dar kuna nyumba zinazosubiri mvua kubwa ya usiku. Mwenye nyumba hatangazi. Tofali moja linachomolewa ukutani mwa shimo, au bomba linafunguliwa, na vyote vilivyokusanywa mwaka mzima vinafuata mkondo wa mvua kuelekea kwa walio bondeni. Mtaani huita kutapisha choo, na husemwa kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia kufagia uwanja, kwa sababu gari la kunyonya majitaka lina gharama na uchochoro wenyewe hauliruhusu kupita. Asubuhi maji yale yameshapita juu ya bomba lenye nyufa, yameingia kwenye kisima kifupi, yamelowesha matuta ya saladi na giligilani bondeni. Mboga ile haijui mipaka ya mitaa. Fungu moja litaishia kwenye kachumbari ya Manzese, kwa mtu mwenye kinga, na jingine litapanda bodaboda hadi kwenye mgahawa wa Masaki, kwa mtu asiyekuwa nayo. Ukuta wa geti umemchelewesha mtoto kukutana na kirusi, basi. Haujamwondolea miadi.

Najua jibu linalokuja: mbona hatuwaoni hao wagonjwa? Hatuwaoni kwa sababu hatuwatafuti. Mtu mwenye macho ya manjano akifika hospitali ya wilaya atapimwa malaria, atapimwa homa ya ini B kwa kile kipimo cha haraka, pengine atapimwa C. Kipimo kinachoonesha maambukizi mapya ya A katika hospitali nyingi hakipo, na kama kipo kinalipiwa mfukoni kwenye maabara ya mjini. Vipimo vyote vikitoka safi, anaandikiwa manjano na vitamini, anarudi nyumbani. Baada ya wiki sita amepona na takwimu haikumwona. Kisha mwisho wa mwaka mtu anasimama kwenye ukumbi wa hoteli na kuonesha jedwali lisilo na homa ya ini A. Wengine hujidanganya zaidi kwamba ile kadi ya njano ya uwanja wa ndege imeshamaliza kazi. Kadi ile ni ya ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na mbu.

Hoja yao ya pili ina heshima zaidi: tengenezeni maji na vyoo, chanjo ni kiraka. Nani atapinga maji safi? Lakini hoja hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza nimeshaitaja: safari ya kutoka maji machafu hadi maji salama hupitia bonde lenye manjano, na kuna watu wanaovuka bonde hilo sasa hivi. Ukimwambia mwanafunzi wa kidato cha pili asubiri mtandao wa majitaka ukamilike, unamwambia asubiri enzi za wajukuu wake.

Ya pili ni kwamba hata mwisho wa safari hauleti usalama wa kila mtu. Marekani ina maji ya bomba ya kunywa moja kwa moja. Hata hivyo kuanzia mwaka 2016 homa ya ini A iliibuka huko ikapita jimbo kwa jimbo kwa miaka kadhaa: zaidi ya wagonjwa 44,000 na vifo zaidi ya 400. Waliopigwa zaidi ni wasio na makazi na watumiaji wa dawa za kulevya. San Diego, mji tajiri wa pwani, ulizika watu 20. Watu walikuwa wanalala barabarani na vyoo vya umma havikutosha; mji ukajikuta unaosha njia za miguu kwa dawa ya klorini na kuweka mabeseni ya kunawia mikono kwenye kona za mitaa. Kilichokata mnyororo ni wauguzi waliotoka kliniki na kuwafuata watu kwenye mahema yao wakiwa na sindano. Watoto wa Marekani walikuwa wakichanjwa kwa utaratibu tangu mwaka 2006. Waliougua walikuwa wakubwa ambao hakuna aliyewakumbuka. Ulaya nayo, mwaka 2013, Italia ilipata mlipuko wa watu zaidi ya elfu moja kutokana na matunda ya beri yaliyogandishwa. Kirusi kilikaa kwenye friza, kikatoka kizima.

Sijafika bado kwa wale ambao mimi binafsi naona ni aibu kuwasahau. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 65 katika Kanda ya Afrika wanaishi na homa ya ini B sugu. Chanjo ya B iliingia kwenye ratiba za watoto Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wa wagonjwa hawa ni watu wazima waliozaliwa kabla. Ini lao limeshachoka. Ukiongeza A juu ya B, au juu ya C, au juu ya ini lililoharibiwa na pombe, mambo hubadilika. Kule Shanghai waliokuwa na B walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Madaktari wa Italia waliripoti mwaka 1998 wagonjwa 17 wa C sugu walioambukizwa A: 7 ini lilizimika, 6 wakafa. Ndiyo maana miongozo ya nchi nyingi humtaja mgonjwa wa ini kuwa wa kwanza kuchanjwa. Sisi tuna kliniki za B, tuna kliniki ya methadoni pale Muhimbili tangu mwaka 2011, tuna watu wanaokuja kila mwezi na majalada yao mkononi. Ni wangapi wamewahi kuulizwa kama wana kinga ya A? Kipimo kimoja cha damu kingejibu. Aliye nayo anarudi nyumbani, asiye nayo anachanjwa. Si jambo la kuundiwa kamati.

Wako pia wanaoshika majitaka kwa mikono. Anayeingia shimoni na ndoo, anayezibua mtaro wa hospitali, fundi bomba anayezibua bomba la choo kwa kidole kwa sababu glavu zimechanika. Wengi wao watakutwa na kinga, maana wametoka kwenye mitaa ileile. Lakini ajira hizi sasa zinachukua vijana wa miaka 20, na hao hatujui walikulia wapi. Na mpishi wa hoteli Nungwi au Diani? Mama lishe na mpishi hudaiwa cheti cha afya; choo hupimwa, wakitafutwa minyoo na taifodi. Kipimo kile hakikioni kirusi hiki. Na aliyeambukizwa hutoa kirusi kwa wingi zaidi wiki mbili kabla macho hayajageuka, akiwa bado anakata matunda na cheti chake kiko ukutani. Mgeni anayekula matunda yale ameshachanjwa London. Wa kudhurika ni mhasibu wa hotelini, binti wa geti kali, aliyekula sahani ileile.

Niseme na ndugu zetu walio ughaibuni, kwa sababu hapa kauli ile inapanda ndege. Familia inaishi Leicester au Minneapolis. Watoto wamezaliwa huko, hawajui shimo la choo ni nini. Desemba wanaletwa Mombasa au Unguja kumwona bibi, na mzazi anaona haya kuwapeleka kliniki ya wasafiri: tunakwenda nyumbani, si safari. Wanangu wana damu ya Pwani. Damu ya Pwani haina habari na kirusi hiki. Watoto hawa wako kwenye hatari zaidi kuliko mtalii, kwa kuwa mtalii anakaa hotelini wiki moja, na wao watakaa wiki sita, watakunywa sharubati ya ukwaju yenye barafu ya dukani, watakula lambalamba, watanawa kwenye beseni moja na binamu zao saba. Hapo si kosa la bibi. Bibi hajui kama kuna kitu cha kumkinga mjukuu nacho. Kosa ni la anayejua. Uingereza chanjo hii kwa wasafiri hutolewa bure na huduma ya taifa ya afya, na bado watu hawaifuati. Na mtoto mdogo akirudi na kirusi, mara nyingi haugui. Anakipeleka shuleni, anaugua mwalimu. Amsterdam waliona kwa miaka jinsi wagonjwa walivyoongezeka kila baada ya likizo ya kiangazi, watoto waliporudi kutoka kwa babu zao Morocco. Dawa yao ilikuwa kuwachanja watoto kabla ya likizo.

Kuhusu wanaosema manjano hutibiwa kwa majani: homa ya ini A karibu wote hupona wenyewe, kwa hiyo jani lolote atakalopewa mgonjwa litaonekana limemponya. Hatari ni kwamba ini lililovimba hupewa mizizi iliyochemshwa isiyojulikana kipimo, pamoja na parasetamo za kila saa. Na wanaosema chanjo ni njama nimewaachia wengine.

Inabaki pesa, na hapa ndipo wapinzani wangu wenye akili husimama. Wizara zetu zinahangaika na surua, na saratani ya mlango wa kizazi, na wafadhili wanaopunguza mkono. Kwa nini tuongeze A? Jibu langu litawaudhi baadhi ya wanaoniunga mkono: sisemi kila mtoto wa Tanzania achanjwe kesho. Kijijini ambako watoto wote wanaambukizwa kabla ya darasa la kwanza, fedha hizo ziende kwenye kisima. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 uko wazi: chanjo iingizwe kwenye ratiba ya taifa pale wagonjwa wakubwa wanapoongezeka na maambukizi yanapotoka kiwango cha juu kwenda cha kati, gharama zikipimwa. Shirika hilo halikusema Waafrika wasubiri. Lilisema pimeni.

Basi tupime. Tanzania ilizunguka nyumba kwa nyumba mwaka 2022 na 2023 kuchukua damu kwa ajili ya utafiti wa Virusi vya UKIMWI. Kazi ngumu ya kumpata mtu na mshipa wake imeshazoeleka. Katika mzunguko ujao, kuongeza kipimo cha kingamwili za A kwa sampuli kadhaa za Kinondoni, Ilala, Kigoma na Mtwara, kwa kila kundi la umri, si anasa. Tukikuta vijana wa Kinondoni 9 kati ya 10 wana kinga, nitafunga mdomo. Tukikuta 5, kauli ya watalii izikwe rasmi.

Na pale nchi nyingine zilipopima na kuamua, matokeo hayana ubishi. Israeli ilianza kuchanja watoto wote wa mwaka mmoja na nusu mwaka 1999. Katika miaka michache wagonjwa walipungua kwa zaidi ya asilimia 95, wakiwamo watu wazima ambao hawakuguswa na sindano, kwa kuwa watoto ndio waliokuwa wakieneza. Argentina ilikuwa inapandikiza watoto maini kwa sababu ya homa ya ini A. Mwaka 2005 ikaanza kutoa dozi moja tu, si mbili, kwa kila mtoto wa mwaka mmoja, na tangu mwaka 2007 upandikizaji wa sababu hiyo ukakoma. Dozi moja. Hesabu ya gharama inayotolewa kwenye vikao vyetu bado ni ya dozi mbili kwa bei ya kliniki ya wasafiri.

Chanjo hii si ngeni. Kirusi kilionekana kwa darubini mwaka 1973, majaribio makubwa yalifanywa Thailand kwa watoto wapatao 40,000, na imekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kirusi kilichomo kimeuawa. Tena ina sifa ambayo chanjo chache zinayo: ukichanjwa ndani ya siku 14 baada ya kukutana na mgonjwa, bado inaweza kukukinga, maana kirusi huchukua wiki nne hivi kabla ya kuleta ugonjwa. Manjano yakizuka bwenini, shule inaweza kuchanja bweni zima na kuzuia wimbi la pili.

Ila siku 14 zinaanza kuhesabiwa tangu mwanafunzi wa kwanza alipokaa meza moja na wenzake, si tangu barua ilipogongwa muhuri. Kipimo kinapelekwa mjini, siku tatu. Jibu linarudi, siku mbili. Mkuu wa shule anaita bodi, bodi inaomba ushauri wa wilaya, wilaya inajibu kwamba chanjo haimo kwenye ratiba ya taifa, mzazi mmoja mwenye uwezo anapiga simu kliniki binafsi na kuambiwa zimebaki dozi tisa. Bweni lina wanafunzi 80.